Kujenga upya vyumba vya kupangisha (mizigo) vya Bwaise bila kuwapoteza wapangaji: naomba ushauri

MsanifuKawempe

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni msanifu majengo ninayeanza kazi hapa Kampala, na nimepewa kazi ambayo sitaki kuifanya kwa mazoea. Familia moja ya Bwaise, mtaa wa bondeni hapa jijini, inataka nyumba mpya mahali pa safu mbili za mizigo, vile vyumba vya kupangisha ambavyo kila mkazi wa jiji hili anavijua: mlango mmoja, dirisha moja dogo, mabati yasiyo na dari, na sigiri ya mkaa kizingitini. Kiwanja ni futi 50 kwa 100. Vyumba ni 14, kila kimoja hulipiwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na wakazi wote wanatumia choo kimoja. Kwa kuwa maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso, choo hicho kimejengwa juu kwa juu na hupandwa kwa ngazi ya saruji. Mvua kubwa ikija, yaliyomo huchanganyika na mafuriko na kupita milangoni mwa watu. Kila mlango umejengewa ukuta mdogo unaofika magotini ili kuzuia maji, vitanda vimeinuliwa juu ya matofali, na ukutani mtu anaweza kusoma alama za mafuriko ya miaka iliyopita, mstari mmoja juu ya mwingine.

Wamiliki ni ndugu watatu walioachiwa na mama yao kibanja hicho, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Wanataka ghorofa, na nia yao si mbaya, kwa maana wamechoka kuwaona watu wakibeba magodoro kila msimu wa mvua. Wapangaji ni wachuuzi wa soko la Kalerwe, vijana wa boda boda, na akina mama kadhaa kutoka Kongo wanaoshona nguo, na tunapokutana lugha inayotuunganisha sote ni Kiswahili.

Nimeitembelea hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na Renzo Piano pamoja na TAMassociati kwa ajili ya shirika la Emergency na kufunguliwa mwaka 2021. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa papo hapo kwenye eneo la ujenzi, na juu ya paa zipo paneli za jua zipatazo 2,500. Ni jengo zuri, lenye vitanda 72 na vyumba vitatu vya upasuaji, na linaonyesha kwamba udongo wetu si kifaa cha maskini. Lakini hospitali ile ina mfadhili, ina uwanja mkavu, na mgonjwa hatozwi kodi ya chumba. Kwa hiyo nawauliza: katika kiwanja kama hiki cha Bwaise mtu aanzie wapi? Achague vifaa gani, afanye nini na maji, na achukue hatua zipi ili uzuri wa nyumba mpya usiwe ndio sababu ya kodi kupanda hadi wale waliokusudiwa wahamie bondeni zaidi?

FundiWaJinja

Ndugu msanifu, nitajibu upande wa vifaa, kwa sababu huko ndiko mikono yangu iliko. Tofali la kuchoma ndilo watu wengi wanalolijua, lakini gharama yake imejificha. Tanuri la kienyeji hula magogo mengi, matofali ya pembeni hutoka hayajaiva, na kwa kuwa hayalingani fundi hulazimika kuziba tofauti kwa saruji nyingi kwenye viungo. Tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, halichomwi kabisa. Lina ulimi na mtaro, hushikana lenyewe, na viungo vyake huhitaji saruji kidogo sana.

Siri yote iko katika udongo, na udongo hupimwa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliolowa, kisha ukiache kivulini kwa wiki moja. Ukishakauka, usukume udongo wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Pengo likiwa dogo, sehemu moja ya saruji kwa sehemu 16 au 18 za udongo inatosha. Likikaribia sentimita 5, udongo huo una mfinyanzi mwingi na unahitaji mchanga au saruji zaidi. Baada ya kufyatuliwa, matofali yafunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki ya kwanza, na yakae siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Wanaoharakisha hatua hii ndio wanaolitia tofali hili jina baya.

Sasa Bwaise. Udongo mweusi wa bondeni haufai kwa kazi hii. Utaleta moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, kutoka kilimani, na gharama ya lori iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Pili, usiliweke tofali la udongo mahali ambapo maji ya mafuriko yatasimama. Msingi na mistari ya chini iwe ya mawe au ya matofali ya zege, hadi juu ya ile alama ya juu kabisa uliyoisoma ukutani. Tatu, ikiwa ni ghorofa, nguzo na mihimili ya zege ndiyo ibebe, na matofali yajaze kuta tu.

Kuhusu joto, angalia shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 kwa mchoro wa Diébédo Francis Kéré, ambaye mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo. Bati limeinuliwa juu ya dari ya udongo, hewa inapita katikati, na joto la bati haliwafikii wanafunzi. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji dari, kenchi zilizoinuliwa kidogo, na matundu juu ya kuta zinazotazamana. Hapa kwetu karibu na ikweta jua la mchana liko utosini, na linaloumiza kuta ni la asubuhi na la alasiri. Kwa hiyo madirisha yatazame kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na upenu uwe mrefu.

MhandisiMifereji

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema fundi, ila kuna jambo la kuangaliwa kwanza kabisa, kabla hata ya kulifikia tofali. Bwaise imekalia ukingo wa ardhioevu ya Lubigi. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaziweka ardhioevu chini ya amana ya serikali kwa faida ya wananchi wote, na mwezi Juni 2024 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira ilibomoa nyumba nyingi huko Lubigi. Kabla ya kuchora mstari hata mmoja, pata maelezo ya mpaka wa ardhioevu kwa maandishi. Kuwachorea watu ghorofa mahali ambapo tingatinga linaweza kufika kesho ni kuwadhulumu, hata kama mchoro ni mzuri kiasi gani.

Ikiwa kiwanja kiko nje ya mpaka, tufikirie maji yanatoka wapi. Hayazaliwi Bwaise. Yanateremka kutoka Mulago, Makerere na vilima vingine, ambako kila mwaka bustani zinageuka kuwa lami na mabati, yanaingia katika mfereji wa Nsooba, na kutoka hapo yanaelekea Lubigi. Anayeishi chini analipia saruji ya anayeishi juu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika mikutano mingi mkazi wa bondeni huambiwa kwamba kosa ni lake kwa kujenga pale, na hakuna anayemwuliza mwenye jumba la kilimani maji ya paa lake anayapeleka wapi.

Katika kiwanja chako usijaze kifusi ili kuinua nyumba. Wengi hufanya hivyo, na kila anayejaza anamsukumia jirani maji yake, kisha jirani naye anajaza, na mwishowe mtaa mzima umepanda isipokuwa barabara, ambayo sasa ndiyo mto. Inua sakafu juu ya nguzo na uache maji yapite chini, au uifanye sakafu ya chini iwe ya shughuli za mchana: maduka, cherehani, kufulia, vyote vikiwa na sakafu ngumu inayooshwa na umeme uliowekwa juu ukutani. Watu walale juu. Udongo wa pale ni laini, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba msingi wa jirani ulisimama na wako utasimama. Chimba, upime, kisha uamue.

Maji ya paa nayo ni mali. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 150, hata tukipoteza sehemu moja kati ya tano, hukusanya takriban lita 144,000 kwa mwaka. Mvua moja nzito ya milimita 50 huangusha lita 7,500 juu ya paa hilo, na tangi la lita 10,000 likiwa tupu linaweza kuzishika zote zisiingie mferejini. Tangi moja halizuii mafuriko ya Bwaise, lakini linawaondolea wapangaji sehemu ya gharama ya madumu ya maji, na hiyo wataiona mfukoni mwezi wa kwanza.

Choo kiwe na chumba cha kinyesi kisichovuja, kilichoinuliwa, na kiwekwe mahali ambapo gari la kunyonya majitaka au walau wahudumu wenye pampu za mkono wanaweza kufika. Michoro mingi huonyesha choo kizuri kilichojibanza nyuma kabisa ya kiwanja, kisichofikiwa na mtu yeyote.

MratibuWaAkiba

Mwanangu msanifu, wenzangu wamekujibu vizuri kuhusu nyumba. Mimi nimefanya kazi na vikundi vya kuweka akiba katika mitaa duni kwa miaka mingi, na ninaloliona ni kwamba nyumba hizi haziharibikii kwenye ramani. Zinaharibikia kwenye hesabu ya kodi na kwenye haki ya ardhi, mambo mawili ambayo wasanifu huwaachia wengine.

Tuanze na hesabu. Leo vyumba 14 vinaingiza shilingi 1,120,000 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa ghorofa ya shilingi milioni 200 yenye vyumba 20. Ukidumisha kodi ya 80,000, utapata milioni 19.2 kwa mwaka. Wakichukua fedha hizo benki kwa riba ya asilimia 18, riba peke yake ya mwaka wa kwanza ni milioni 36. Unaona mwenyewe: kodi yote haifikii hata riba. Ndugu hao watatu watapandisha kodi mara mbili au zaidi, si kwa sababu ni wabaya, bali kwa sababu benki itakuwa mlangoni. Kwa hiyo uamuzi wa kukopa au kutokukopa ni uamuzi wa kisanifu kuliko rangi ya ukuta, na mahali pako ni kuwaonyesha wamiliki hesabu hii kabla hawajaipenda picha ya ghorofa.

Mara nyingi tunaletewa mfano wa Quinta Monroy kule Iquique, Chile, ambako mwaka 2004 Alejandro Aravena na wenzake wa Elemental walijenga nusu ya nyumba na kuiacha nusu nyingine imaliziwe na familia. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, nayo ililipia hata ardhi. Jambo ambalo mimi hulisisitiza ni kwamba walikataa kuwapeleka watu pembezoni mwa mji, wakalipa ardhi ya katikati na kupunguza ujenzi. Lakini tusidanganyane, familia zile zilikuwa wamiliki. Mpangaji wa Bwaise hawezi kumalizia nusu ya nyumba ambayo anaweza kuondolewa mwezi ujao. Mfano wa nyumbani ni Masese, Jinja, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, akina mama walijifunza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujenga nyumba zao wenyewe. Wengi wetu tuliona hapo kwa mara ya kwanza mwanamke akishika mwiko na kulipwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu haki: familia yako ina kibanja, si hati. Ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki wa Buganda uliotokana na mkataba wa 1900 na Waingereza, ina mwenye hati juu na mwenye kibanja chini, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkaaji halali, lakini idhini ya ujenzi wa kudumu itakwama mkimpita mwenye hati. Mtafuteni mapema, pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Kisha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inaweka kikomo cha kupandisha kodi, asilimia 10 kwa mwaka. Kikomo hicho kinamsaidia mpangaji anayeendelea kukaa. Yule aliyetolewa ili nyumba ijengwe, akirudi hurudi kama mgeni na kupangiwa bei mpya. Ndiyo maana majina ya wapangaji 14, kodi ya kuanzia, na haki yao ya kurudi lazima viandikwe na kutiwa sahihi kabla ya bati la kwanza kuteremshwa.

MamaWaCherehani

Mimi ni mpangaji, ingawa si wa kiwanja hicho, na ninaomba nisikilizwe kwa machache. Wanaotuchorea nyumba hutuuliza tunataka vyumba vingapi. Hawatuulizi tunapika wapi. Ukiniweka ghorofani bila mahali pa sigiri, nitapikia chumbani, na watoto watavuta moshi. Niwekee jiko la pamoja kwenye baraza, lililo wazi upande mmoja, na kamba ya kuanikia nguo ambayo haimwagii maji aliye chini. Cherehani inahitaji mwanga wa dirisha upande wa mkono wa kushoto. Taa inanigharimu kila jioni. Na kodi: mwenye nyumba anadai miezi mitatu kwa mkupuo, ilhali mimi ninapata pesa kila siku kidogo kidogo. Nikiruhusiwa kulipa kwa wiki, sitachelewa. Hayo hayaongezi tofali hata moja.

MsanifuKawempe

Nawashukuru kwa dhati. Mama, maneno yako nitayapeleka kwenye mkutano kama yalivyo, na nitawaomba wapangaji wenyewe wachore kwa chaki sakafuni mahali pa jiko na pa cherehani kabla sijakaa mezani. Nimewaonyesha wamiliki hesabu ya riba. Mkubwa wao alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akakubali tuzungumzie ujenzi wa hatua kwa hatua kwa akiba yao na kodi inayoingia. Mwenye hati tumempata, na ameonyesha nia ya kukutana nasi. Barua ya kuuliza mpaka wa ardhioevu imekwisha kupelekwa.

Kinachonitatiza sasa ni kimoja. Tukibomoa safu moja, familia saba zitakaa wapi wakati wa ujenzi? Nyuma ya kiwanja pana migomba na sehemu ya kuegesha pikipiki, takriban mita 6 kwa 15.

MratibuWaAkiba

Hapo nyuma ndipo pa kuanzia, mwanangu. Jengeni kwanza kipande cha nyuma, chumba kwa chumba kwa familia zote saba: sakafu ya chini ya shughuli iachwe wazi, na juu vyumba saba vidogo vyenye baraza moja, hata kama kuta za ndani hazijapigwa lipu wala kupakwa rangi. Umaliziaji waachieni wakazi, kwa makubaliano kwamba gharama yao itapunguzwa kwenye kodi na kuandikwa. Safu ya kwanza ikishahamia nyuma, ndipo mbomoe nafasi yao, mjenge, na safu ya pili iingie hapo. Hakuna mtu atakayelala nje ya kiwanja hata usiku mmoja, watoto hawatabadilisha shule, na wamiliki hawatakosa kodi ya mwezi hata mmoja, jambo ambalo litawashawishi kuliko hotuba yoyote.

Pikipiki ziegeshwe chini ya nguzo. Mafundi wawili au watatu watoke miongoni mwa vijana wa kiwanja wenyewe, walipwe ujira wa siku kama wengine, ili siku bomba likivunjika asitafutwe mtu wa mbali. Kamati ya choo na tangi ichaguliwe mapema, iwe na wapangaji zaidi ya wamiliki, na kila chumba kichangie fedha ndogo ya kila wiki ya kunyonya majitaka. Kule Kibera, Nairobi, maeneo ya pamoja yaliyobuniwa na shirika la Kounkuey Design Initiative kando ya mto husimamiwa na vikundi vya wakazi vyenye shughuli zao za kuingiza kipato. Nenda ukaongee na akina mama wanaoshika ufunguo, watakueleza mengi kuhusu matengenezo.

FundiWaJinja

Naongeza la ratiba tu. Mita 6 ni nyembamba. Toa upana wa baraza na ngazi kwanza, ndipo ujue kinachobaki kwa chumba, na kuta za kugawanya ziwe nyembamba. Msingi uchimbwe Desemba, mvua za vuli zikiisha, ili nguzo ziwe zimesimama kabla ya mvua za Machi. Kwa maana hiyo matofali yafyatuliwe kuanzia Julai, yafunikwe vizuri, na moramu ipimwe kwenye kile kisanduku mwezi Juni. Ukiniletea mfuko mmoja wa udongo kutoka kila kilima unachokifikiria, nitakupimia na kukuandikia uwiano wa saruji.